Semina ya ndoa na familia ya siku tatu, kwa kanisa la watu wachache kijijini: tathmini yangu

Kanisa letu lina ndoa 19, ukihesabu na zile 4 ambazo mmoja ni wetu na mwenzake ni wa dini ya majirani. Wapo wasiozihesabu hizo nne. Mimi nazihesabu, na mtaona kwa nini.

Tulipokuwa tunatafuta watu wa kutuletea semina ya ndoa, tulisoma maelezo ya semina nyingi. Zote zilikuwa zimefanyika kwenye makanisa makubwa ya mjini, kwenye kumbi zenye viti vya kukunja, kwa watu ambao wakitoka hapo hakuna anayewajua. Hatukupata hata moja iliyoeleza mambo yanakwendaje mahali ambapo Wakristo ni wachache, ni kijijini, na kila mtu anamjua mwenzake tangu utotoni. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya kanisa lingine dogo linalofikiria kuwaalika watu wa namna hii. Nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibakiza nina sababu zake.

Waliotufundisha sitawataja. Yapo mambo yaliyokwenda vibaya, na tulishawaambia ana kwa ana kabla hawajaondoka. Ni mume na mke, watu wa makamo, pamoja na kijana mmoja waliyemleta kwa ajili ya watoto. Walifika jioni, siku moja kabla ya semina kuanza, wakaomba waonyeshwe kanisa. Ufunguo huwa ninao mimi, nikawafungulia. Hawakupumzika. Yule mume alivua koti akaanza kugeuza mabenchi, mawili mawili, yakaangaliana, kiasi kwamba wanandoa wakikaa magoti yao yanakaribia kugusana na migongo yao inawaelekea wengine. Miaka yote kanisa lile nimeliona likitazama mbele. Nilisimama mlangoni nikiwa na ufunguo mkononi, nikajua hii haitakuwa mahubiri.

Kwanza nieleze kwa nini sisi tunaihitaji semina hii kuliko hao wa mjini. Ndoa ya jirani yetu ikivunjika, watu husema fulani na mkewe wameachana. Ya kwetu ikivunjika, husemwa "ndoa za Wakristo." Majirani zetu ni watu wema, tunazikana na tunauguzana, sina neno baya juu yao. Lakini ukiwa mmoja kati ya wachache, nyumba yako inakuwa kama bango. Basi tumejifunza kuficha. Mimi na mume wangu tuna miaka 17 ya ndoa, na miaka yote hiyo tumegombana kwa kunong'ona.

Ndiyo maana siku ya kwanza, saa ya kwanza, nusura tuharibikiwe. Walikuja na spika, wakaiweka dirishani kama wanavyofanya kwenye mikutano, na yule mwalimu akaanza kwa kusema leo tutazungumzia yale yanayotusumbua vyumbani. Sauti ikatoka nje hadi barabarani. Nikaona vichwa vya wanawake wenzangu vikiinama kimoja baada ya kingine. Mzee wetu wa kanisa aliinuka bila kusema kitu, akaenda akachomoa waya. Mwalimu alielewa palepale, na spika haikuwashwa tena hadi wimbo wa kufunga. Mkiwaalika, waambieni mapema: kanisa la watu 60 halihitaji spika kwa mambo ya ndoa.

Baada ya hapo mambo yakashika njia yake. Kila wanandoa walipewa kipande cha ubao, urefu wa kiganja, kimepigwa msasa kikawa laini. Sheria yake ni nyepesi kuieleza: aliyeshika ubao ndiye anayesema. Asiye nao anasikiliza, kisha anarudia alichokisikia kwa maneno yake bila kuongeza cha kwake. Mwenye ubao akiridhika kwamba amesikika, ndipo anampa mwenzake.

Mume wangu si msemaji. Alikishika kile kipande, akakigeuzageuza, nikadhani atakirudisha. Kisha akasema, "Unaponijibu mbele ya watoto, mimi hutoka nje kwenda kuangalia mifugo. Mifugo haina shida yoyote. Nasimama tu pale."

Nikarudia: "Unasema nikikujibu mbele ya watoto unatoka nje, lakini..."

Yule mwalimu wa kike alikuwa anapita. Akanigusa bega. "Mama, hapo kwenye 'lakini' umeshaanza ya kwako. Mrudishie ya kwake."

Mara ya pili nikaweka "kwa sababu." Akanitazama tu. Mara ya tatu nikasema, "Unatoka, unakwenda kusimama pale, na mifugo haina shida." Mume wangu akashusha pumzi, mabega yakalegea. Nimemwona akitoka hivyo mara zisizo na idadi, na kila mara nilichukulia kwamba amenidharau, kaniacha nikisema na ukuta. Sikuwahi kumfikiria akiwa amesimama gizani peke yake hana la kufanya.

Mchana wakatufundisha mambo manne ambayo mtafiti wa Marekani, John Gottman, aliyaona alipokuwa akiwarekodi wanandoa wakizungumza juu ya ugomvi wao: kumlaumu mtu badala ya kulalamikia jambo, dharau, kujitetea, na kujifungia kimya. Dharau ndiyo inayoua ndoa kuliko yote. Mawili niliyatambua papo hapo kuwa ya nyumbani kwangu, moja langu na moja lake. Wakaeleza kwamba anayenyamaza mara nyingi mwili wake umeshazidiwa, moyo unakwenda mbio, hata ukimwambia neno zuri halisikii. Huyo aombe mapumziko ya angalau dakika 20, ila aseme wazi kwamba atarudi. Hilo "atarudi" ndilo lililotupungukia sisi miaka yote.

Nilipenda pia kwamba hawakutugawa. Kanisani kwetu tumo wa madhehebu matatu, kwa kuwa hatutoshi kujenga makanisa matatu. Walitufundisha yale maneno matatu ambayo Papa Fransisko alizoea kuwahimiza wanandoa, naomba, asante na samahani, na hakuna Mpentekoste aliyekunja uso.

Sasa nije kwenye barua, kwa sababu hapa kuna zuri na baya kwa pamoja.

Siku ya pili kila mmoja alipewa karatasi na kalamu. Dakika 10 za kumwandikia mwenzako unavyojisikia kuhusu jambo moja, kisha mnabadilishana, mnasoma, na dakika 10 za kuzungumza. Utaratibu huu wa kuandikiana umeenea kupitia mafungo ya wanandoa yaliyoanzishwa Hispania na padre Gabriel Calvo, ambaye mwaka 1962 aliwakusanya wanandoa 28 Barcelona kwa mwisho wa wiki mmoja. Ni utaratibu mzuri. Karatasi haikukatizi maneno. Karatasi haikutazami kwa jicho baya.

Lakini kwenye benchi la pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja mtu mzima, ana wajukuu, amekishika kile kifuniko cha kalamu hajakivua. Dakika zikapita. Mumewe anaandika, yeye ameiweka karatasi juu ya paja anainyoosha kwa kiganja, anainyoosha tena, kama nguo. Hajui kuandika. Kanisani kwetu wa namna yake ni wengi, wanaume na wanawake, na hakuna aliyetuuliza wakati wa maandalizi. Mwalimu alipogundua alimwambia kwa upole, "Mzee anaweza kukuandikia."

Mumewe amwandikie! Barua ya kumweleza mzee huyohuyo mambo ambayo hajawahi kumwambia! Yule mama akatabasamu kwa adabu, akarudisha kalamu.

Aliyeokoa jambo ni mke wa mzee wa kanisa. Alisimama akasema kwamba wasioandika watoke nje, watembee na wenzi wao hadi kwenye ule mti na kurudi. Wakienda anasema mke, wakirudi anasema mume, na aliye kwenye zamu ya kusikiliza asifungue kinywa hadi waufikie mti au mlango. Mwalimu akakubali mara moja, hata akauandika utaratibu huo kwenye daftari lake. Wanandoa sita walitoka. Tuliobaki ndani na karatasi zetu tulikuwa tunawachungulia dirishani kwa wivu. Yule mama na mzee wake walikwenda hadi mtini mara nne.

Kwa hiyo hilo ni la kwanza la kuwabana kabla hawajaja: waulizeni watafanyaje na wasiosoma. Wakisema kitini kina picha, hiyo haitoshi.

Somo la fedha lilikuwa dhaifu, silizungumzii sana. Walileta jedwali lenye mstari wa mshahara wa kila mwezi. Hapa hakuna mwenye mshahara isipokuwa mwalimu wa shule. Sisi fedha inaingia wakati wa mavuno, kwa wingi, kisha inakauka, na ugomvi wetu uko hasa kwenye zile wiki mbili za wingi: nani anajua kimeuzwa nini, na nani anaamua. Jedwali lao halikuwa na mahali pa kuweka swali hilo. Tulilijaza kwa heshima tukalikunja.

Jambo zito lilitokea alasiri ya siku hiyohiyo. Katika zile ndoa nne nilizozitaja, wake watatu walikuja, bila waume zao. Asubuhi ya kwanza waliwekwa nyuma, upande wa watoto, kwa kuwa mabenchi yalikuwa ya wawili wawili. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila walikaa pale siku nzima wakiwatazama wengine wakishikana mikono. Na kitini kilisema wanandoa wasali pamoja kila usiku kabla ya kulala.

Mmoja wao akanyoosha mkono. Nimekua naye. Aliolewa kabla hajaokoka; imani yake imemkuta akiwa tayari ni mke na mama. Akauliza, "Mimi nisali na nani?"

Mwalimu akamjibu kwa andiko la kutofungwa nira pamoja na wasioamini.

Kukawa kimya. Dada yule akakaa. Nilitaka kusema kitu, ulimi ukawa mzito. Aliyesema ni mzee wetu wa kanisa, yule wa kuchomoa waya. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwalimu, huyo nira ameshaivaa, na ana watoto wanne. Tumsomee pia lililo lake." Akafungua Wakorintho wa kwanza sura ya 7, akasoma kuanzia mstari wa 12: mke aliye na mume asiyeamini, na mume akakubali kukaa naye, asimwache, mume huyo ametakaswa katika mkewe, na watoto wao ni watakatifu. Kisha akaeleza kwa namna ambayo sijaisikia kabla. Kwamba Paulo aliandika barua ile miaka ya 50 baada ya Kristo, kwa watu wachache sana katika mji mkubwa wa bandari uliojaa mahekalu ya miungu mingine. Mtu aliamini leo, akarudi nyumbani jioni kwa mwenzi ambaye hakuamini. Swali la dada yetu ndilo walilomwuliza Paulo. "Sisi tunadhani hali yetu ni ya ajabu," akasema, "kumbe barua hii iliandikiwa kanisa kama letu."

Nimesoma sura ile mara nyingi. Siku hiyo ndiyo niliyoona kuwa ni barua, ina watu ndani yake.

Yule mwalimu alisimama kidogo. Kisha akashuka pale mbele, akaenda hadi benchi la nyuma, akamwambia dada yule mbele ya wote, "Nimekujibu vibaya. Nisamehe." Ndiyo nyota ya nne hiyo. Nimewaona waalimu wengi wa neno, wachache nimewaona wakishuka. Asubuhi iliyofuata mabenchi yalipangwa upya, wale wake watatu wakakaa na kina mama wajane katikati ya kanisa, na mwalimu wa kike akakaa nao muda mrefu kuliko alivyokaa na sisi.

Mwalimu huyo ndiye aliyetuchukua wanawake pembeni siku ya tatu. Alianza na Waefeso sura ya 5, lakini hakuanzia mstari wa 22 tuliouzoea. Alianzia wa 21, unaosema watu wanyenyekeane. Kisha akasema jambo ambalo kwetu halijawahi kusemwa kanisani kwa mdomo wazi: kupigwa si msalaba wa kubebwa, na kusamehe hakumaanishi kurudi kukaa karibu na ngumi. Wawili walilia. Sitasema zaidi.

Hapo ndipo ilipo nyota niliyoibakiza. Alisema, wakaondoka. Mwanamke wa kwetu akipigwa atamwambia nani? Wazee wa kanisa ni watatu, na kila mmoja ni ndugu wa mume wa mtu. Akienda kwa majirani, ni lile bango tena. Tulimwuliza swali hilo wazi, akajibu kwamba atatuombea, na najua aliomba kweli. Lakini semina inayofungua kidonda cha namna hiyo ije na mpango: mwanamke mmoja wa nje ya kijiji wa kupigiwa simu, na nyumba moja inayojulikana kwamba mlango wake unafunguka usiku. Tumeanza kulitafuta hilo wenyewe, sisi kina mama.

Jingine la kuwaangalia ni ile saa ya kushuhudia. Waliomba wanandoa wasimame waeleze mbele ya wote walichogundua. Mjini labda inajenga. Kwetu aliyekaa benchi la mbele ni shemeji yako, na wa nyuma ni mkwe. Kijana mmoja aliyeoa juzi alisimama akaeleza siri ya chumbani ya mkewe, kwa nia njema kabisa, akiwa na furaha. Msichana wa watu hakuja ibadani Jumapili mbili. Saa hiyo ifuteni kwenye ratiba, au waambieni kila mtu aseme tu alichogundua juu yake mwenyewe.

Kwa watoto walifanya vizuri. Yule kijana aliwachoresha nyumbani kwao usiku, nani yuko wapi, nani yuko na nani. Michoro haikubandikwa ukutani. Kila mzazi alipewa wa mwanawe kimyakimya. Wetu wa miaka tisa alichora nyumba, mimi ndani na wao watatu, na baba nje kando ya mifugo, mdogo sana, pembeni kabisa ya karatasi. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Vijana wakubwa nao waliuliza swali ambalo hata sisi wazazi linatunyima usingizi: Wakristo wa rika lao hapa wote ni ndugu, waoane na nani? Waliambiwa wamwombe Mungu. Wazee wameanza kuzungumza na makanisa mengine madogo ili vijana wakutane mara kwa mara, waimbe pamoja, wajuane. Hilo nalo lingefaa liwemo kwenye semina ya jamii kama yetu, maana ndoa za hapa zinaanza kuwa ngumu kabla hazijafungwa.

Ni miezi minne sasa. Katika zile ndoa 11 zilizokaa siku zote tatu, najua saba ambazo bado zinautumia ubao. Wetu unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Nilidhani mimi ndiye nitakayekuwa naushusha. Kumbe mume wangu ndiye anayeushusha zaidi, na siku akizidiwa anasema "dakika ishirini" kabla ya kuvuka kizingiti. Na anarudi. Mara mbili nimetoka nikasimama naye kule kwa mifugo, bila ubao, bila kusema.

Walimu wamekubali kurudi mavuno yakishaisha, na safari hii tumewaandikia masharti yetu: hakuna spika, hakuna saa ya kushuhudia, kutembea hadi mtini kuwe kwenye ratiba, jedwali la fedha liwe la mavuno. Orodha ya majina naishika mimi. Nimeandika wote wawili wawili, pamoja na zile ndoa nne. Yule dada aliniuliza kama jina la mumewe linaweza kuwemo hata kama si wa kwetu, nikamwambia linaingia la kwanza. Mwenyewe bado hajajibu kama atakuja. Jina lake nimeliacha palepale juu.